Mpwa wa Kupelekwa Ulaya

Lisekese, Masasi
11 Machi 1956

Kwa mdogo wangu Bibiana, Mama Edmund,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Huku tu wazima, ila wifi yako Mabel mguu wake wa kushoto bado unamsumbua na anamsumbua kila mtu kwa habari za mguu huo.

Kaa chini kwanza. Majibu ya mtihani wa shule ya Minaki yametoka. Wanetu wote wawili wamefaulu, Edmund wako na Cecil wangu, na Makerere imewaita wote wawili. Padre aliyasoma majina kanisani, Mabel akapiga vigelegele katikati ya ibada mpaka shemasi akamkazia macho. Vijana wenyewe, unajua wako hapa kwangu wananisaidia kufundisha darasa la nne, waliinamisha vichwa kama vile wametajwa kwa wizi.

Hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Wako watu wema huko Uingereza, wana chama chao kinaitwa Marafiki wa Ruvuma. Wanataka kumsomesha kijana mmoja wa dayosisi yetu katika chuo kikuu cha Oxford. Mmoja tu. Kila kitu juu yao: meli, chakula, vitabu, hata koti la baridi. Miaka saba, kwa sababu kwanza atawekwa shule ya huko ajifunze Kilatini na mambo mengine wanayoyataka ndipo aingie chuoni. Padre aliniambia mimi, kama mwalimu mkuu, nitaje jina. Nimemtaja Edmund.

Najua utauliza Makerere ina kasoro gani. Haina. Lakini dada, hawa wanaotutawala hawaulizi mtu anajua nini, wanauliza amesoma wapi. Nimekaa nao miaka mingi, nimewaona. Aliyetoka Oxford hapigi hodi kwa Bwana Shauri wa wilaya, anafunguliwa mlango. Na siku nchi hii itakapokabidhiwa kwa wenyewe, ambayo sidhani iko mbali, watatafutwa kwanza wale ambao Mwingereza hawezi kuwaambia kwamba hawakusoma alikosoma yeye. Nataka mmoja wao awe wa nyumba yetu.

Karatasi inataka sahihi ya baba mzazi. Cheka tu. Wazungu hawajui kwamba kwetu mwenye neno ni mjomba, wao wanamtaka baba. Mwambie shemeji Anselmo atie sahihi pale nilipopiga alama nyekundu, kisha umpe Haji wa lori, atanifikishia.

Kaka yako,
Isaka


Kitangari, Newala
19 Machi 1956

Kaka,

Shikamoo. Mvua imetujazia lile tangi la saruji ulilotujengea, kwa hiyo mwezi huu siteremki bondeni na ndoo kichwani, na nimepata nafasi ya kufikiri. Nimefikiri. Sijapenda.

Kwanza nimefurahi watoto wamefaulu, usije ukasema mimi ni mtu wa kununa tu. Nilicheza hapa uani peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Halafu nikasoma ukurasa wa pili.

Mimi na wewe tumetoka tumbo moja. Mikorosho uliyoipanda hapa Kitangari, na tangi, ni vya ukoo wetu, na siku ukituacha anayekaa mahali pako ni Edmund, mwana wa dada yako. Cecil nampenda, ananiita shangazi vizuri, lakini ni wa ukoo wa mama yake, wa Mabel. Ndivyo tulivyokuta, na wewe na Ukristo wako wote hujawahi kusema vingine. Haya. Sasa nieleze. Mtu ana mtoto wake wa kumzaa, amefaulu sawasawa na mwenzake, inakuja nafasi ya mtu mmoja, naye anamwacha mwanawe anampa mpwa? Tangu lini? Wewe, Isaka, uliyekuwa unaficha karanga mashavuni ili usinigawie?

Nitakuambia ninachokiona. Wakati wa mavuno wifi Mabel alikuja hapa na Cecil. Na mguu huohuo mbovu alizunguka shamba zima, anamwonyesha mtoto kwa kidole, hapa mpaka pale. Nilidhani anatafuta kivuli. Sasa naambiwa Edmund apelekwe mbali miaka saba. Cecil atamaliza Makerere mapema, atarudi, atakuja kupalilia kumsaidia baba yake, na mwenzake akirudi na koti lake la baridi atamkuta ameshaota mizizi. Usinivishe kilemba cha ukoka, kaka. Unamwondoa mrithi.

Na huo ukubwa wa Oxford mimi sijauona. Kuna daktari kijana wa Makerere alipita huku kuchanja watoto. Aliniuliza kwa Kimakonde hili jipu linavuta au linachoma. Aliyepita kabla yake, wa kutoka Ulaya, alimuuliza mkalimani, mkalimani akajibu alivyotaka yeye, nikapewa dawa ya minyoo. Kipi ni elimu hapo?

Baba Edmund nimemwonyesha karatasi. Anasema yeye hapa ni mkwe, alikuja kuoa, hatii mkono kwenye mambo ya wenye mji. Lakini nimemwona ameichukua akaenda kuisoma tena nyuma ya nyumba. Naye namtilia shaka.

Mdogo wako,
Bibiana

Bahasha yako ilifika na gundi mbili, moja juu ya nyingine. Ni Haji anayesoma barua zetu, au ni Mabel?


Lisekese, Masasi
Jumatatu ya Pasaka, 2 Aprili 1956

Mama Edmund,

Gundi ya pili ni yangu. Nilifunga bahasha, nikakumbuka sijatia karatasi ya sahihi, nikafungua nikafunga tena. Tumefika hapo, dada? Mpaka gundi?

Mabel alikuwa anamwonyesha Cecil mikorosho iliyokauka matawi upande wa tangi, kwa sababu mimi ndiye niliyemtuma. Na habari ya shamba tuiache kwanza. Mimi ni mzima, hata kichwa hakiniumi, na wewe umeshakaa kunigawia urithi.

Uliuliza kwa nini Edmund. Nitakujibu kama mwalimu, si kama kaka. Ukimpa Cecil kitabu, anakisoma mpaka mwisho na kukurudishia kikiwa safi. Ukimpa Edmund, anakuja siku ya pili kugombana nacho. Aliniuliza juzi kwa nini historia tunayofundisha darasa la nne inaanza siku wazungu waliposhuka melini. Nilimwambia anyamaze, kisha nikakosa raha siku nzima. Oxford wanawataka wa namna hiyo. Wanakaa mtu mmoja na mwalimu mmoja, wanabishana. Makerere ni kuzuri lakini wako wengi, na serikali inawasomesha ili wakawe watumishi wake. Daktari wako wa jipu ni mtu mwema, simkatai. Ila ameajiriwa chini ya yule wa dawa ya minyoo, na mshahara wake ni wa chini, na ataendelea kuwa chini mpaka aote mvi. Hilo ndilo ninalokueleza.

Padre anataka jibu kabla ya Pentekoste. Usichelewe.

Isaka


Kitangari
10 Aprili 1956

Kaka,

Shikamoo. Umeandika ukurasa mzima, umejibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza. Shamba la nani? Neno moja tu linatosha, na mwalimu hakosi maneno.

Basi sikiliza, nimepata njia nyepesi. Njoo Kitangari. Simama kwenye kaburi la bibi, umwage unga kama mjomba anavyomwagia mpwa wake anayekwenda mbali, na useme kwa mdomo wako mbele ya wazee: huyu ni wangu, mwende naye na mrudi naye, na akirudi atakaa mahali pangu. Ukishasema hivyo nitamsukuma Anselmo atie sahihi hata kwa kidole cha mguu, na nitamshonea Edmund shati la safari.

Usiniambie mambo ya kanisa. Wakristo wenzako wa hapa wote wanamwaga, wanangoja tu katekista asafiri. Mjomba anayemmwagia mpwa unga anataka arudi. Asiyetaka kummwagia, mimi sijui anataka nini.

Bibiana


Lisekese
21 Aprili 1956

Mama Edmund,

Marahaba. Unanitaka nifanye jambo litakaloniharibia. Mwaka juzi nilisimama kanisani nikalisoma jina la Nikolao, mtoto wa mama yetu mdogo, damu yetu, kwamba ametengwa na meza ya Bwana kwa kumwaga unga kaburini. Alikuwa amekaa benchi la pili, ananitazama. Leo mimi nije nimwage palepale aliposimama yeye? Nitamwambia nini Nikolao? Na shuleni nitabaki?

Nimemwombea Edmund altareni kwa jina lake. Padre amemwekea mikono. Kwangu hiyo ndiyo baraka, nakuomba uipokee.

Na yale maneno unayotaka niyaseme mbele ya wazee, siwezi kuyasema sasa. Usiniulize sababu. Nimekuwa kaka yako tangu ulipokuwa unatambaa. Safari hii niamini tu.

Ndani ya bahasha kuna barua ya Edmund mwenyewe. Sijaisoma. Gundi ni moja.

Isaka


Lisekese
21 Aprili 1956

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Mjomba ananifundisha Kilatini baada ya masomo, na Mama Cecil ananilazimisha kula kwa uma na kisu, wali unamwagika, watoto wa jirani wanakuja dirishani kutazama. Cecil anakuamkia. Anauliza kama ile mikorosho ya upande wa tangi imepona.

Habari ya Ulaya, Mama, mimi ni mtoto wenu. Mtakaloamua wewe na mjomba ndilo nitakalolifanya. Mimi sina neno.

Msalimie Baba.

Mwanao,
Edmund


Kitangari
3 Mei 1956

Kaka,

“Sina neno”! Nimeisoma barua ile mpaka imelegea mikononi. Mwanangu namjua mimi niliyemzaa. Edmund akitaka kitu anakisema mpaka usingizini. Alipotaka baiskeli hatukulala nyumba nzima. Leo anapelekwa Uingereza, anasema hana neno? Hataki, kaka. Hataki kwenda, anakuogopa wewe, na wewe umekaa naye hapo unamtazama anavyoandika.

Na Cecil anaulizia mikorosho! Anaiulizia ya nini? Imekuwa shangazi yake?

Unga hutaki kumwaga. Kusema mbele ya wazee hutaki. Sababu hutaki kutoa. Basi na mimi sitaki. Nimemwandikia Padre kwa mkono wangu kwamba mwanangu haendi, Makerere inamtosha. Akiumwa Kampala, huko ni Afrika, nitauza mbuzi, nitapanda gari na meli na gari moshi, nitamfikia. Akiumwa Oxford nitapanda nini?

Karatasi msiingoje. Nilikuta Anselmo ameshaitia sahihi kimya kimya, mwandiko mzuri kabisa, jina lake lote na la baba yake. Mtu ambaye kwa miaka yote anasema hapa yeye ni mgeni! Nikaitia kwenye moto wa maharage. Tangu juzi hanisemeshi, anachonga mpini wa jembe usiokwisha.

Nimelala vizuri, na nilikuwa sijalala tangu Machi.

Bibiana


Lisekese
24 Mei 1956

Mama Edmund,

Marahaba. Nakuandikia mwenyewe usije ukasikia kwa Haji.

Padre alipata barua yako. Chama hakikukubali kungoja, nafasi ikikosa mtu inakwenda dayosisi nyingine. Aliniuliza jina la pili, nikamwambia sina. Akaandika mwenyewe jina la anayemfuata Edmund kwa alama. Ni Cecil. Atasafiri mwezi wa nane.

Sikuomba. Naona nikuambie hivyo ingawa najua utakavyosema.

Edmund atakwenda Makerere mwezi wa saba kama ulivyotaka. Na shamba la Kitangari, pamoja na tangi, ni vyake. Uliniuliza, sikujibu. Sasa ninaweza kujibu. Niite siku yoyote, nitasema mbele ya wazee.

Isaka


Kitangari
1 Juni 1956

Isaka,

Sikuamkii. Mara ya kwanza barua yako nimeisoma nimesimama, mara ya pili nikakaa chini, mara ya tatu nikamwita Anselmo anisomee yeye, labda macho yangu yameharibika. Akasoma. Yaleyale.

Loo! Kumbe mchezo ulikuwa huu. Ulinijua! Unanijua tangu tunachunga mbuzi. Ukitaka Bibiana aseme hapana, msukume aseme ndiyo. Ukanisukuma. Ukakataa kumwaga unga, ukakataa kusema, ukakaa kimya pale penye kutia shaka, ukaniacha nijikaange kwa mafuta yangu mwenyewe. Nikaandika kwa Padre kwa mkono wangu! Sasa mwanao anakwenda na hakuna atakayesema ulimpendelea, maana barua ya kukataa ni yangu.

“Sasa ninaweza kujibu.” Kwa nini sasa na si Aprili? Kwa sababu mwanao amepata kinono, mikorosho umeiona ni makapi, tupeni tu. Uliniambia mwenyewe, kwa mwandiko wako mzuri, kwamba aliyetoka Oxford anafunguliwa mlango. Basi siku hiyo ikifika Edmund wangu atakuwa nje anapiga hodi, na Cecil ndani anauliza nani huyo.

Wewe ndiye kaka mkubwa, sisi dada zako wote tuko chini ya mkono wako, ndoa zetu, misiba yetu, watoto wetu. Mavuno yakikaribia nitawaita wazee. Nitawaomba wakuvue ukubwa wa ukoo, Nikolao akae mahali pako. Yeye angalau humwaga unga.

Usijibu.

Bibiana


Makerere, Kampala
26 Agosti 1956

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia. Unasema wazee wamekubali kukaa mwezi wa kumi kumvua mjomba, na unanikataza nisimwandikie tena. Nimekaa nayo siku nyingi bila kujibu. Hapa mvua inanyesha karibu kila alasiri, maji yanakwenda zake barabarani na hakuna anayekinga hata sufuria. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikayatazama nikakukumbuka.

Mama, nitakuambia jambo, na nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujaitupa karatasi.

Mjomba hakunitaja mimi kwanza. Alimtaja Cecil. Jina lilikuwa limeshaandikwa. Mimi ndiye niliyemfuata darasani watoto walipotoka nikamwambia nataka kwenda mimi. Akaniambia, Edmund, vyangu vyote ni vyako kwa desturi, mwanangu sina cha kumwachia, hiki kimoja mwachie. Nikamwambia basi tubadilishane. Shamba la Kitangari na tangi ampe Cecil, mimi anipe nafasi.

Alikataa. Alikasirika kweli, akaniuliza kama najua ninachokisema, mji wa mama yangu kuutoa kwa ukoo mwingine. Nikasema najua. Nilimwandama nyumbani, shambani, mpaka kanisani. Cecil alikuwa radhi. Yeye anapenda mikorosho, Mama, anaipenda kama vile wengine wanavyopenda mpira. Mwisho mjomba alilegea, na sitasema hakuwa na furaha kidogo kwa ajili ya mwanawe, lakini si yeye aliyeanza. Nikamwapisha asikuambie mpaka nitakaporudi nikuambie mwenyewe. Ndiyo sababu hakuweza kusimama kwenye kaburi la bibi aseme shamba ni langu. Halikuwa langu. Nilikuwa nimelitoa.

Na ile “sina neno” ilikuwa uongo. Nilikuwa na neno. Niliogopa nikikuambia natamani, utanitazama usoni hata kwa mbali na kujua nimelipa kwa kitu gani.

Nilitamani sana. Unauliza kama nimeridhika hapa. Hapa ni kuzuri, majengo ni meupe, wenzangu wana akili na tunabishana usiku kucha. Mwalimu wetu wa historia mwenyewe amesoma Oxford, anasema vyumba vilikuwa vya baridi na chakula kibaya mno. Labda sikukosa kitu. Labda nimekosa kila kitu. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniuma, kuliko kukosa kwenyewe.

Mjomba hajui kwamba nakuandikia haya. Kunyamaza kwake kulikuwa kwa kunificha mimi. Usimvue. Kama kuna mtu wa kuvuliwa, nivue mimi.

Mwanao,
Edmund


Kitangari
17 Septemba 1956

Kaka,

Shikamoo.

Nimetia humu barua iliyotoka kwa Edmund. Isome, halafu urudi kwenye hii yangu.

Umeisoma? Sawa. Ikiwa ni kweli, basi mwanangu niliyemzaa alichukua mji wa mama yake na bibi yake, akamwekea mtu wa ukoo mwingine mkononi, ili akafundishwe Kilatini. Wazee wakisikia hivyo watamkata. Hatakuwa na mahali hapa, akiwa hai wala akifa, na mimi mtoto mwingine wa kukaa mahali pako sina, unajua. Anselmo sijamwonyesha. Sijamwonyesha mtu.

Lakini mimi si mjinga, naona mkono wako. Ulimwandikisha. Ulimkalisha hapo mezani kwako kabla hajapanda meli Mtwara, ukamwambia andika hivi na hivi, ukifika Kampala itume, mama yako akiona stempu ya huko ataamini. Si ndivyo? Umefanya hivyo ili wazee wasikuvue. Najua ametaja mvua ya Kampala, najua ametaja mwalimu wake na chakula chake. Hayo mtu anaweza kuyaongeza baadaye.

Kaka, sema ni wewe.

Wewe nimekuzoea. Nimekushuku tangu karanga, na nikishakushuku wewe nalala. Ukisema ni wewe, wazee watakuvua, Nikolao atakaa mahali pako, nami nitakukasirikia mwaka huu na labda mwaka ujao. Kisha siku moja nitapanda lori la Haji nije kumwangalia Mabel mguu wake, na yatakuwa yamekwisha, maana nitafanya nini, wewe ni kaka yangu. Lakini Edmund nikimkasirikia kwa jambo hili sijui nitarudi vipi. Nimejaribu kuitafuta njia ya kurudi siioni.

Nijibu upesi. Wazee wanakaa mwezi ujao. Usiandike mengi.

Mdogo wako,
Bibiana


Lisekese, Masasi
25 Septemba 1956

Mama Edmund,

Marahaba.

Ni mimi. Nilimwandikisha barua ile hapa mezani kwangu kabla hajasafiri, na nilimwambia akifika atie habari za mvua na za mwalimu. Edmund hakusema neno lolote juu ya shamba, si darasani, si popote. Yaliyomo humo ni maneno yangu.

Waambie wazee hivyo. Sitakuja kujitetea. Nikolao nimeshamwandikia kumtakia heri, na mahali pa kukutania, wazee wakitaka watumie pale karibu na tangi, kuna kivuli.

Barua sikurudishii, nimeichoma. Cecil amefika salama, anasema watu wa huko wanatembea kama wanakimbizwa.

Usiache kumwandikia mtoto. Mwambie umeyajua yote, kosa lilikuwa la mjomba wake, na asome.

Kaka yako,
Isaka